Fabien wa Phonie

Kama bado kuna mtu hapa mtaani Mikelenge anayemwita bwana wangu Fabien wa Phonie, mwulizeni kwa niaba yangu: phonie gani hutaga mayai? Mwulizeni! Mimi Émilienne, Mama Falone, nimeuliza swali hilo miaka na miaka hapa Kindu, sokoni, kanisani, kwenye foleni ya maji, na hakuna aliyenijibu. Walicheka wakageuza shingo. Wakishafika kona waliambiana, lisemwalo lipo. Methali hiyo naichukia kuliko malaria.

Kwa vijana ambao hamkuiona, phonie ilikuwa redio kubwa ya kusemezana. Kabla simu hazijafika huku, mfanyabiashara wa Kindu aliongea kwa phonie na mwenzake wa Goma au Kisangani, wakaambiana ndege inafika lini na mchele umepanda au umeshuka. Halafu vita vikaja. Askari wa uasi walikaa mjini, Mai-Mai, wapiganaji waliowapinga, walikaa porini, treni ikalala stesheni mpaka majani yakaota katikati ya reli, na phonie ikageuka kuwa kifo. Ukikutwa nayo wewe ni mpelelezi, basi, hakuna cha kujieleza.

Sasa Fabien na upelelezi wapi na wapi? Fabien ni mtoto wa wakulima wa mpunga wa Kibombo. Alikuja Kindu kijana, akajifunza kutengeneza redio kwa fundi mmoja karibu na bandari, akabaki hapa. Nilimpendea masikio. Msicheke! Huyu mtu alikuwa anasikia. Tunatembea kando ya mto Lualaba, ghafla anasimama, anasema, "Ile moteur ya pirogue, bougie moja imechoka." Mtumbwi wenyewe bado hatujauona, yeye keshajua plagi ya injini ina kasoro. Siku ya harusi yetu aliniacha nimekaa mbele za watu na shela langu, akaenda kufungua bafle, zile spika za wanamuziki, eti upande wa kushoto unalia puani. Nilimtukana siku hiyohiyo ya ndoa, mbele ya wakwe. Yeye akarudi anatabasamu, na kweli, muziki ulikuwa mtamu zaidi.

Kwaya ya parokia yetu ilikuwa na mashine ya CD, zawadi ya mapadri. Waimbaji walijifunzia nyimbo mpya humo. Kiongozi wa kwaya alikuwa Édouard, karani wa depo ya mfanyabiashara mmoja aliyekimbia vita. Mrefu, sauti nzito ya besi, akiimba chini vikombe vinatikisika kabatini. Alikuwa rafiki wa Fabien, tena rafiki wa kula. Sombe yangu ya majani ya muhogo ameila huyo mpaka nikawa namwekea sahani bila kumwuliza.

Fabien hakuipenda ile mashine. Kila mazoezi yakiisha alilalamika kwamba sauti imefunikwa blanketi. Alinieleza mara nyingi mpaka nikaelewa, kwa hiyo nami nawaeleza. Ndani ya mashine ya CD kuna mwanga mdogo unaosoma diski. Kinachosomwa ni namba tu. Kuna kipande kinachogeuza zile namba kuwa mkondo wa umeme, lakini mkondo dhaifu, hauwezi kumwamsha hata nzi. Halafu kuna puce mbili nyeusi, chipu ndogo kama punje ya haragwe, kila moja ina miguu minane, nazo njo zinaupa mkondo ule nguvu kabla haujaenda kwenye ampli. Puce ikiwa ya hovyo, diski yako iwe nzuri vipi, bafle yako iwe kubwa vipi, utasikia watu wanaimba ndani ya pipa. Zile za mashine yetu zilikuwa za hovyo. Fabien alitaka kuzitoa na kuweka nyingine. Na angepata wapi puce, wakati ule hata chumvi tulikuwa tunaitafuta kwa tochi?

Siku moja baada ya mazoezi, uwanjani kwangu, mdomo umejaa sombe yangu, Édouard akasema, "Fabien, kwa depo kuna phonie ya patron. Radi iliipiga hata kabla ya vita, imekufa kabisa. Ndani hakuna puce za namna ile?"

Fabien macho yalimtoka. Phonie za wafanyabiashara zilikuwa na vyombo vya maana. Kesho yake Édouard mwenyewe, kwa baiskeli yake mwenyewe, akaileta ndani ya mfuko wa mchele. Kwa macho yangu haya nilimwona akiteremsha ule mfuko. Upande wa umeme ulikuwa umeungua mweusi, lakini upande wa sauti ulikuwa umepona, na humo Fabien akakuta puce alizokuwa akiziota. Akazitoa kwa mkono wa taratibu, anapuliza kila mguu, utadhani anamtoa mtoto mwiba.

Nikamwambia, "Sasa lile sanduku katupe mutoni."

"Nitupe? Angalia hizi vis, Mama Falone. Angalia hii bati. Siku moja itasaidia."

Hapo njo kosa lake lilipo, na ni kosa la kila fundi wa Kindu: hatupi kitu, hata skrubu moja. Wakati ule watu waling'oa misumari kwenye nyumba zilizoachwa, wakanyoosha kila msumari kwa jiwe. Nani angetupa bati zima? Akaliweka jikoni, tupu, halina utumbo hata mmoja. Kuku wangu mweusi akaliona, akaona ni nyumba. Akaingia, akataga, akalalia.

Asubuhi moja risasi zililia bandarini. Mai-Mai walishuka wakati askari wengi walikuwa wametoka mjini, na waliokufa wengi wao walikuwa wauza samaki na wanunuzi wao, watu wasio na bunduki. Jirani yetu Ramla alimpoteza mama yake pale, aliyekufa ameshika beseni. Askari waliporudi walipiga kelele kwamba kuna mtu mjini aliyewaita Mai-Mai kwa phonie. Wakaanza kusaka nyumba hadi nyumba.

Fabien siku hiyo alikuwa amemaliza kulehemu viti viwili vidogo ndani ya mashine ya kwaya, aliyokuwa ameileta nyumbani, viti vya kukalishia puce ili mtu aweze kuzibadilisha bila moto. Alikuwa amezikalisha, amefunga kifuniko, anatafuta waya wa kuunga kwenye betri. Hajasikia noti hata moja. Hata moja! Wakaingia.

Mkubwa wao alikwenda moja kwa moja jikoni. Akamkuta kuku wangu amekaa ndani ya phonie, anamkodolea jicho.

"Hii njo nini?"

"Njo kitanda ya kuku, chef," Fabien akajibu. Mtu mkweli huyu, na ukweli wake unaniua.

"Kuku njo iko naita Mai-Mai?"

Walicheka. Nami nikacheka kwa woga, nikidhani mambo yameisha. Halafu wakaacha kucheka. Walimchukua kuku, wakachukua mayai, yale yaliyokwisha kuwa na vifaranga ndani, wakafungua mashine ya CD na kuzing'oa zile puce kwa koleo, eti ni ushahidi. Mwisho wakamchukua Fabien. Nikawafuata mbio, bila kitambaa kichwani.

Fabien aliwaambia kwa utaratibu, "Muulize Édouard wa depo. Yeye njo aliileta, ilikuwa imekufa." Wakampeleka mpaka mlangoni kwa Édouard. Mimi nilikuwepo. Sikuambiwa na mtu, nilikuwepo, nilisimama karibu mpaka naweza kumgusa. Édouard akatoka, amevaa shati jeupe la kwaya.

"Phonie hii ilitoka kwako?"

Alimwangalia Fabien. Akaniangalia mimi. Akasema, "Hapana, chef. Siijui. Labda aliitoa kwa pori."

Labda aliitoa kwa pori! Woga naujua jamani, sote tuliogopa, mkojo ulitutoka sote katika vita vile. Angesema "siijui" akanyamaza, ningesema ameogopa. Lakini akaongeza! Nani alimwomba aongeze? Ile "labda" yake ndiyo iliyomfunga mume wangu, maana porini kulikuwa na nani? Mai-Mai.

Palepale mlangoni wakampiga. Askari mmoja alikuwa na mtindo wake: viganja viwili vilivyo wazi, masikio yote mawili kwa pamoja, paa! Na tena. Na tena. Damu ilitoka masikioni ikashuka shingoni. Sauti ya mwisho ambayo Fabien aliisikia sawasawa hapa duniani ni ya Édouard akisema labda.

Walimfungia ndani ya kontena. Mnajua kwa nini walimtoa? Redio ya mkubwa wao iliharibika, wakakumbuka kwamba wamefunga fundi. Wakampa aitengeneze. Akaitengeneza, ikawa inapiga kelele karibu na kichwa chake, naye anauliza, "Imeanza kulia?" Wakacheka sana, wakamfukuza aende nyumbani.

Sikio la kulia lilikufa kabisa. La kushoto linapata kitu kidogo, ukiweka mdomo hapohapo na kupiga kelele kama mtu anayeita pirogue kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto. Ndiyo maana nyumba yetu haina siri. Tukigombana, avenue nzima inajua tumegombania nini. Mambo ya mume na mke, nayo nayapigia kelele! Nimezoea, aibu ilikwisha kunitoka zamani.

Aibu ambayo haikutoka ni ile ya jina. Vita vilikwisha, askari wakaondoka, lakini maiti za bandarini zilitaka mwenye kosa, na mwenye kosa alikuwa tayari amepatikana. Fabien wa Phonie. Hawakumletea redio tena. Ramla, ambaye tunapakana ua, hakumsalimu hata siku moja tangu mama yake azikwe, na mandazi yake aliyauza kwa kila mtu isipokuwa kwetu. Mtoto wangu Falone alipigwa shuleni kwa jina hilo. Nilikwenda kwa kila mlango nikaeleza ule mfuko wa mchele, ile baiskeli, ule mdomo uliojaa sombe. Wakanijibu, mke atasema nini? Wakati huohuo Édouard alikua, akaota kitambi cha heshima, akawa Papa Édouard wa kila karamu, kila Jumapili anasimama mbele anaimbisha watu kuhusu kweli na nuru. Nikamfuata padri. Padri akasema, "Émilienne, samehe." Nikamwambia, "Nimsamehe nani, padri? Hajaomba."

Na Fabien mwenyewe? Kimya, maji mtungini. "Mungu anajua, Mama Falone."

"Mungu anajua, lakini majirani hawajui!" Hilo nililipigia kelele sikioni kwake mpaka koo likakauka.

Kula tulikula. Alitundika paneli ya jua, akawa anachaji simu za wapita njia wasiojua jina lake. Mashine ya CD ilibaki kwetu, maana kwaya hawakutaka kugusa kitu cha mpelelezi. Viti viwili vitupu ndani yake, na Fabien kila siku anaviangalia. Angekuwa mtu mwingine angeipiga teke. Yeye alitaka kujua kitu kimoja tu: ile siku, zile puce, je, zingetoa lile blanketi au hapana? Alikuwa na haki au alipotezea masikio yake ndoto? Akawa anatafuta puce nyingine, kwenye redio zilizokufa, kwa wachuuzi wanaotoka Goma, popote.

Kiziwi anabadilisha puce ili sauti iwe nzuri. Cheka, kama unaweza. Kijana mmoja mwenye bafle yake ndogo ya bluetooth alicheka mbele yangu, nikamrushia ganda la ndizi.

Mambo ya besi aliyapata mwenyewe kwa kuweka kiganja juu ya bafle. Mengine yote alinitumia mimi. Ananikalisha kwenye kigoda mbele ya bafle, anakalisha puce, anaweka diski ya kwaya, ileile ya zamani, halafu maswali.

"Zile S zinachoma?"

Naitikia kwa kichwa: zinachoma.

"Mama wa solo iko mbele ama iko nyuma?"

"Nyuma! Ndani ya pipa!"

Anazitoa. Hakasiriki. Siku nyingine tena. Falone, ambaye sasa ni mama mzima mwenye watoto, aliniambia, "Mama, si umwambie tu iko muzuri, Papa apumuzike? Yeye hatajua."

Nusura nimpige. Hatajua! Mtu huyu alimalizwa na uongo mmoja, mimi mke wake nimwongeze wa pili? Uwe mdogo, uwe wa huruma, sitaki. Ikiwa mbaya nitasema mbaya. Na zilikuwa mbaya. Mchuuzi mmoja alituletea nyingine zimeandikwa jina la kiwanda kikubwa kabisa. Fabien akazisugua kwa kitambaa chenye spiriti, lile jina likabaki kwenye kitambaa, chini yake kukatokea jina jingine la hovyo. Nilipiga yowe: hata puce zinatembea na majina ya uongo! Nyingine ilikuwa ya kweli, lakini akaigusa kwa kidole akakuta inawaka moto. Akanieleza kwamba ni ya haraka mno kwa mashine ya kizee, inajiimbia yenyewe huko juu ambako sikio la mtu halifiki. Akaitoa kabla haijaunguza kitu.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa, mwaka huu, Jumamosi moja asubuhi, natwanga sombe, nikaona mtu anafungua mlango wa ua. Mzee, fimbo mkononi, shati limekuwa kubwa kwake. Édouard. Tangu vita hakukanyaga uwanja wangu.

Nikashika mchi vizuri. "Toka."

"Mama Falone, kwaya itafanya yubile. Nilisikia Papa Fabien bado iko natafuta zile puce. Mutoto wangu alinitumia kutoka Ulaya, za kweli. Nilitaka mashine ilie siku ile, naye akae mbele."

"Toka kabla sijakutwanga pamoja na majani haya!"

Fabien akatokea mlangoni, kwa sababu aliniona mgongo wangu umekaza. Nikasubiri amrukie. Nilitaka amrukie, sifichi. Lakini Fabien hakuangalia uso wa Édouard, aliangalia mkono wake, ulioshika mfuko mdogo wa plastiki. Akauchukua ule mfuko mdogo, akavaa miwani, akasoma maandishi. Akachukua kitambaa chenye spiriti, akasugua. Jina halikutoka. Akasugua tena. Halikutoka. Akacheka kama mtoto! Nikawachukia wote wawili, na mashine yao.

Akafungua kifuniko. Akaangalia lile doa dogo linaloonyesha mguu wa kwanza, akalielekeza pake, akabonyeza puce moja, ya pili. Akaunga betri. Akaweka kidole juu ya zile puce, akangoja. Zilikuwa baridi. Akanionyesha kigoda.

Nikakaa. Édouard amesimama karibu na paneli, hakuna aliyemkaribisha kukaa. Fabien akaweka diski, akaongeza sauti mpaka kiganja chake kiridhike.

Niliomba iwe mbaya. Mungu anisamehe, niliomba ilie puani, S zichome, wote waimbe ndani ya pipa, ili nimwambie yule mzee chukua takataka zako uende. Nikasikia mama wa solo akivuta pumzi. Kabla ya kuimba! Pumzi! Miaka yote ile sikujua kwamba anavuta pumzi. Halafu sauti zikaja, kila moja na mahali pake, tenori huku, alto kule, mtu mmoja wa nyuma ameingia mapema kidogo, nikamsikia hata yeye. Barabarani watu wakaanza kusimama. Niliwaona juu ya ua, vichwa vinaongezeka, waendesha baiskeli, wanawake wanaotoka sokoni. Ramla naye akasimama upande wake wa ua, beseni la mandazi kichwani.

"Mama Falone?" Fabien akaniuliza.

Neno moja tu lilikuwa linatakiwa. Mbaya. Angezitoa, angezirudisha, na yule mtu angetoka uwanjani kwangu bila kupata kitu. Neno lilinijia mpaka kwenye meno. Nikaona uso wa Fabien unavyoningoja, na hasira ikanipanda upya, kwa sababu nilijua siwezi. Nikainama kwenye sikio lake la kushoto.

"Iko muzuri!" nikapiga kelele, na machozi yananitoka kwa hasira. "Iko muzuri kabisa! Nasikia solo iko navuta pumuzi!"

Fabien akakaa chini, palepale udongoni. "Basi nilikuwa na haki," akasema.

Sasa yule mzee akanisogelea. Alikuwa analia. Akaniambia kwa sauti ndogo, ile ya kuungama, "Mama Falone, weye njo masikio yake. Umwambie kwa pole. Umwambie niliogopa. Umwambie anisamehe."

Kwa pole! Alitaka nimbebee, nimnong'onezee mume wangu, mambo yaishie hapo kati ya watu watatu, naye aende yubile yake akiwa mwepesi. Nikasimama. Nikazima mashine.

"Hapana, Papa Édouard. Mdomo unao. Sikio lake ni lile la kushoto. Sema mwenyewe."

Akainama akamnong'oneza.

"Hein?" akasema Fabien.

Akaongeza kidogo. Fabien akatikisa kichwa, akaweka mkono nyuma ya sikio. "Sisikii."

Édouard akanyanyua macho akaona ua mzima umejaa watu. Akamwona Ramla. Nilidhani atakimbia, na kwa miguu ile asingefika mbali. Lakini akashika fimbo yake kwa mikono miwili, akavuta pumzi, na ile besi ya zamani ikatoka, nzee lakini nzima.

"Phonie ilikuwa ya depo! Mimi njo niliileta, kwa baiskeli yangu! Ilikuwa imekufa! Fabien hakuita muntu! Niliwadanganya askari!"

Fabien akamwangalia, mkono bado nyuma ya sikio. "Rudilia."

Akarudilia. Yote, phonie, depo, baiskeli, askari. Sauti ilianza kumkatika.

"Rudilia."

Mara hii alipofika kwenye "hakuita muntu" alishindwa, akaanza tena, akamaliza neno kwa neno, kamasi zinamtoka. Ramla aliteremsha beseni lake, akaliweka chini, akashika ua kwa mikono yote miwili. Huruma ilinigusa, ee, hata mimi, nikaona sasa inatosha. Nikainama kwa Fabien nikapiga kelele, "Umesikia sasa?"

Akainuka, akajipangusa udongo.

"Nilisikia mara ya kwanza," akasema. Akauonyesha ule ua kwa kidevu. "Zile zingine zilikuwa za wale."

Miaka yote nilidhani mwenye hasira katika nyumba hii ni mimi.